Lisbon kwa miguu, peke yako: panda kwa lifti, shuka kuelekea mtoni

Swali: Mimi ni mhasibu kutoka Tanga, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo. Mwezi Mei kazi inanipeleka mkutanoni Lisbon, Ureno. Mkutano unaisha Ijumaa mchana na ndege yangu ni Jumanne usiku, kwa hiyo nina siku nne za kwangu. Sijui Kireno na nitakuwa peke yangu. Wenzangu wananishauri nikate tiketi ya basi la watalii, lakini mimi nataka kutembea kwa miguu. Je, nitaweza bila kupotea wala kuibiwa? Nianzie wapi? Na kwa kuwa mimi ni Muislamu, nitakula wapi?

Jibu: Utaweza, dada yangu, na hilo basi liache lipite. Sehemu za Lisbon utakazozipenda haliwezi kuingia. Vichochoro vingine hata mkokoteni haupiti. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mji huu, na wale ninaowaona wamekata tamaa mapema hawakushindwa na wezi wala lugha. Walishindwa na vilima. Simu inamwambia mtu "mita mia mbili", anakwenda, anakuta mita mia mbili zote ni ngazi. Akifika juu anaona kitu kizuri kule chini, anashuka. Jioni miguu imevimba na hajaona nusu ya alichokusudia. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kilima kimoja kwa siku, upande kwa lifti, ushuke kwa miguu.

Kwanza lijue umbo la mji, kwa sababu ukilijua hutahitaji ramani muda wote. Mto Tejo uko kusini, mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ni bahari, na maji yake hujaa na kupwa kama ulivyozoea kwenu. Katikati kuna bonde tambarare liitwalo Baixa. Ukisimama Baixa ukiwa umeupa mto mgongo, kulia kwako kuna kilima cha ngome, chenye mitaa ya Alfama, Mouraria na Graça. Kushoto kuna Chiado na Bairro Alto. Popote utakapopotea kwenye vilima hivyo, fuata mteremko. Utatokea Baixa au mtoni, na ukishaona maji unajua uko wapi. Simu haitakusaidia sana Alfama, maana kuta zimebanana na kile kidoti cha buluu huruka ovyo. Soma vibao vya ukutani: jina likianza na Escadinhas, mbele kuna ngazi, likianza na Calçada, mara nyingi kuna mpando wa kukutoa jasho, likianza na Beco, ni kichochoro ambacho huenda kisitokee popote.

Viatu ni jambo la pili, na hapa siwezi kukubembeleza. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono. Vinapendeza, ila vimesuguliwa na nyayo za watu kwa miaka mingi hadi vinang'aa, na ikinyesha manyunyu tu mtaa wa kushuka unakuwa kama umemwagiwa mafuta. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira, ulivyokwisha kuvizoea nyumbani. Viatu vya mkutano vikae kwenye sanduku.

Malazi tafuta Baixa au kando ya Avenida da Liberdade, kwenye tambarare. Nyumba nyingi za zamani hazina lifti, na picha za mtandaoni hazionyeshi ghorofa ya nne yenye ngazi za mbao nyembamba zinazozunguka. Waulize kwa maandishi kabla hujalipa.

Jumamosi nenda Alfama, na uwahi. Kwenye mtaa wa Rua dos Fanqueiros, Baixa, kuna jengo lenye lifti ya umma ya bure iliyoandikwa Elevador Castelo. Inakupandisha hadi Rua da Madalena. Vuka barabara, pita kiwanja kidogo, utaona duka kubwa la vyakula lenye lifti nyingine ya bure inayokufikisha karibu na ukuta wa ngome. Umemaliza mpando bila kutoa jasho, wakati wenzako wako kwenye foleni ya tramu namba 28. Tramu hiyo ni nzuri kwa macho, lakini siku hizi imejaa watalii na wachomoaji wanaowafuata watalii, kwa hiyo itazame ikipita.

Ngome yenyewe, São Jorge, mimi huwaambia wageni waiache kama fedha ni za kuhesabu. Mandhari yake ni mazuri, lakini sehemu kubwa ya kuta na minara unayoiona ilijengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1930, enzi za Salazar, dikteta wa Ureno. Kibaraza cha Portas do Sol kiko chini kidogo, ni bure, na unaona mapaa ya Alfama yakiteremka hadi mtoni. Kwa kuwa ni Jumamosi, kutoka hapo tembea kwa usawa hadi kanisa la São Vicente de Fora, na nyuma yake utakuta gulio la Feira da Ladra, ambalo huwa Jumanne na Jumamosi. Wanauza vigae vya zamani, sahani, sarafu, nguo za mitumba, funguo zisizo na kufuli. Kuomba kupunguziwa bei kunakubalika, tena kwa tabasamu.

Kisha shuka. Alfama ni mtaa uliopangwa zama za Waislamu, waliotawala hapa tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, na mtu aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajua mara moja namna ya kwenda: pole pole, kwa kona, bila kudai njia iliyonyooka. Tetemeko la mwaka 1755 halikuubomoa kama lilivyobomoa Baixa. Watu bado wanaishi humo, ingawa nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni. Nguo zinaning'inia kichwani kwako, na wazee wanakaa mlangoni kutazama nani anapita. Wasalimie. "Bom dia" asubuhi, "boa tarde" mchana, na uso wa mtu hubadilika hapo hapo. Usipige picha ndani ya dirisha la mtu. Bajaji, naam, bajaji kabisa, zimejaa huko juu zikiwabeba wageni, na madereva watakuita. Wewe unashuka, huna haja nazo.

Ukifika chini utafute Chafariz d'El-Rei, kisima cha umma cha zamani chenye mifereji ukutani. Wengi wanakipita bila kugeuka. Mwaka 1551 mji ulitoa amri ya kugawa mifereji yake kwa makundi, watumwa na watu weusi mfereji wao, wengine wao. Kuna mchoro wa rangi wa karne hiyo hiyo unaoonyesha kiwanja hiki kikiwa kimejaa Waafrika: wanaobeba mitungi kichwani, wanaocheza, na mmoja amepanda farasi, amevaa joho la heshima lenye msalaba wa Santiago, nembo ya jumuiya ya mashujaa wa Kikristo. Wakati huo takriban mtu mmoja kati ya kumi mjini humu alikuwa mtumwa. Mji wenyewe haupigi kelele kuhusu hilo. Upande wa magharibi kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, na jina lake linatokana na shimo ambalo Mfalme Manuel I aliagiza lichimbwe mwaka 1515 ili miili ya watumwa waliokufa itupwe humo badala ya kuachwa nje. Leo mtaa huo una migahawa na maduka, na tramu inapita.

Jumapili ndiyo siku ninayokuomba usiiruke, na sababu yake ni kitu kimoja kilichotoka kwetu. Kipo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes. Kutoka kituo cha treni cha Cais do Sodré unafika kwa miguu bila haraka ukifuata mto kwenda magharibi, kisha unapanda ngazi. Hufunguliwa saa nne asubuhi, na Jumatatu hufungwa. Angalia tovuti yao siku moja kabla, maana majengo haya hufungwa sehemu au yote kwa ukarabati na mlinzi wa mlangoni hana la kukusaidia.

Ndani uliza "Custódia de Belém". Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi, mkate wao mtakatifu, ndani yake ili iabudiwe, na hii ni ya dhahabu tupu na nakshi za enameli, urefu wake sentimita 73 hivi. Aliifua Gil Vicente, sonara wa mfalme. Izunguke taratibu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti katikati, kila mmoja na sura yake na mikono yake, wadogo kiasi cha kukaa kiganjani. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kwenye shina kuna tufe za falaki (duara za pete zinazoonyesha anga), nembo ya Mfalme Manuel. Sasa inama usome maandishi yanayozunguka kitako. Kireno chake ni cha zamani, lakini neno moja utaliona: QVILVA. Ni Kilwa. Maandishi yanasema mfalme aliagiza chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kodi hiyo ilipatikana hivi. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga akamtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kila mwaka, mji utateketezwa. Akalipa mithkali 1,500 za dhahabu, dhahabu iliyokuwa inatoka bara na kupitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo. Kulipa hakukuwaokoa: mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kikaipora Kilwa na kujenga boma. Mwaka uliofuata monstransi ikawa tayari. Maelezo ya makumbusho huzungumzia zaidi ufundi wa sonara, na ufundi ni mkubwa kweli. Hii ndiyo faida ya kuwa peke yako. Kiongozi wa kundi hutoa dakika mbili kwa kila kitu. Wewe unaweza kusimama nusu saa.

Mchana endelea na mto kuelekea mtaa wa Belém. Kutoka Praça do Comércio, kiwanja kikubwa cha Baixa kilicho mtoni, hadi Belém ni kilomita sita hivi, tambarare, na kutoka makumbusho ni pungufu ya hapo. Miguu ikigoma kuna tramu namba 15. Nenda mchana kwa sababu asubuhi ya Jumapili kuna misa. Kanisa la monasteri ya Jerónimos, lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, huingiwa bure. Foleni ndefu utakayoiona ni ya ua wa ndani, ambao una tiketi yake. Usijipange kwenye foleni usiyoihitaji. Ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, amechongwa kwa jiwe akiwa amelala, mikono imeshikana kifuani. Monstransi uliyoiona asubuhi Mfalme Manuel aliwaachia watawa wa monasteri hii hii katika wosia wake. Kwa maoni yangu vitu hivi viwili vionwe siku moja.

Jumatatu ni ya Baixa, na inakuja vizuri kwa sababu makumbusho mengi yamefungwa. Anzia Cais das Colunas, pale nguzo mbili zinaposimama majini mbele ya Praça do Comércio. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa imewashwa, ardhi ilitikisika yapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Waliokimbilia uwazi wa mtoni wakakutwa na tsunami, na nyuma yao mishumaa ikawa moto uliowaka siku kadhaa. Ikulu ya mfalme, iliyokuwa hapa, ikapotea na maktaba yake. Waziri aliyeujenga upya mji, Marquês de Pombal, alichoresha mitaa iliyonyooka kama madaftari ya hesabu (kama mhasibu utamwelewa) na kila mtaa akaupa mafundi wake: Rua da Prata ya mafundi fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu. Ndani ya kuta mafundi waliweka fremu za mbao zilizopishana ili nyumba icheze bila kuanguka.

Hapo Baixa utaiona lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902. Usilipe. Zunguka kwa miguu kupitia Chiado hadi Largo do Carmo, na utatokea kwenye daraja lile lile la juu yake. Pembeni kuna kanisa la Carmo lisilo na paa tangu siku ya tetemeko. Mbavu zake za mawe zimeachwa hivyo, mbingu ndiyo dari. Mei mijakaranda ya kiwanja hicho huanza kutoa maua, kwa hiyo huenda ukayakuta.

Kaa hapo kidogo. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliizunguka kambi iliyo kando ya kanisa, ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha, na jioni akasalimu amri. Wanajeshi hao walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji unajua vilisukumwa kutoka wapi: Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na wapiganaji wake wakafunzwa Kongwa na Nachingwea. Kwa hiyo serikali iliyoangukia kwenye kiwanja hiki ilitikiswa pia na watu waliokuwa wakila ugali wa Tanzania.

Ukishuka hadi kiwanja cha Rossio, ingia kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, wakaweka paa jipya lakini nguzo zikaachwa na makovu yake, mawe yamemeguka na kubadilika rangi kwa moto. Nje kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini humo Aprili 1506. Pembeni yake utawaona Waafrika, wengi kutoka Guinea-Bissau, wamesimama wakipiga soga, na akina mama wanauza kokwa za kola na karanga.

Sasa chakula. Kutoka hapo hadi kiwanja cha Martim Moniz ni hatua chache, na nyuma yake kuna mtaa wa Rua do Benformoso, Mouraria. Mouraria ni mtaa ambao Waislamu walisukumwa kwenda kuishi baada ya mji kutekwa mwaka 1147. Leo umejaa Wabangladeshi, Wapakistani na Wahindi, na migahawa ya halali imeandikwa mlangoni. Biriani utaipata, chai ya maziwa utaipata. Kuna sehemu ya kuswalia jirani, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, unafika kwa metro. Jamii ya Waislamu wa hapa ilianzishwa kwa kiasi kikubwa na watu waliotoka Msumbiji, kwa hiyo usishangae mzee akikuuliza habari za pwani.

Kwenye migahawa ya Kireno samaki ndio salama yako: dagaa wakubwa wa kuchoma, chewa mkavu aliyerowekwa, pweza. Supu ya kijani ya caldo verde huwekewa soseji ya nguruwe, kwa hiyo uliza "tem porco?" kabla. Sambusa wanazo hadi kwenye mikahawa ya kawaida, wanaziita chamuças, zilizofika kupitia Goa na Msumbiji; ya nyama iulize pia. Ukikaa mezani wataleta mkate, zeituni na jibini bila kuagizwa. Si zawadi. Ukigusa unalipa, usipotaka sema viondolewe, na hakuna atakayenuna. Mwanamke kula peke yake mchana ni jambo la kawaida kabisa. Agiza "prato do dia", chakula cha siku, ambacho ni nafuu na hutoka haraka. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, bei huwa ndogo kuliko ya meza za nje.

Kuhusu wizi: hapa wanachomoa zaidi kuliko wanavyokaba. Begi liwe mbele kwenye metro na kwenye vibaraza vya kutazamia mji, simu isilale juu ya meza ya mkahawa, pasipoti ibaki hotelini kwenye sefu na wewe utembee na nakala pamoja na kitambulisho kingine. Baixa, vijana watakupitia karibu wakinong'ona "hashish". Mara nyingi wanachouza ni majani ya mbei, kiungo cha jikoni, yaliyoshindiliwa. Sema "não, obrigada", usisimame, usicheke nao. Namba ya dharura ni 112, na kuna kituo cha polisi wa watalii katika Palácio Foz, Praça dos Restauradores, ambako utapata karatasi ya bima ukiibiwa. Jua la Mei linazama karibu saa tatu kasoro usiku, kwa hiyo una mwanga wa kutosha. Baada ya hapo ngazi za Alfama waachie wenyeji, tembea Baixa na kando ya mto ambako watu wapo.

Jumanne usiijaze. Rudi ulipopapenda. Kadi ya usafiri inaitwa Navegante, inauzwa senti 50 kwenye mashine za metro kisha unaiwekea fedha. Mstari mwekundu unakufikisha uwanja wa ndege. Hotelini watataka utoke saa sita mchana au kabla, lakini nyingi hukubali kukutunzia sanduku. Waulize Jumatatu jioni, maana asubuhi mapokezi huwa na foleni.